Kodi, ushuru wa forodha na kripto: maswali tunayoulizwa sana Dodoma

Nafanya kazi ya uhasibu na ushauri wa kodi hapa Dodoma mjini. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam mwaka 2024, mtu anaweza kwenda bandarini asubuhi na kulala kwake Nkuhungu usiku huohuo, na wengi waliokuwa wakinunua mzigo Kariakoo sasa wanaagiza wenyewe. Wanakuja na ankara ya China kwenye WhatsApp, mtaji wao ukiwa kwenye pochi ya kripto, na swali moja: kwa nini nisimalizane na serikali kwa hela hiihii?

Majibu yaliyo hapa ni yale ninayoyatoa kila wiki. Nimeyaandika kwa sababu nimeona watu wazuri wakipoteza mitaji kwa kukosa maelezo ya nusu saa.

Je, ninaweza kulipa kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa Bitcoin au kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofungwa na dola?

Hapana. Kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha, vyote vinalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba. Namba hiyo hutoka kwenye mfumo wa malipo wa serikali, GePG, ulioanza kutumika 2017. Unalipia benki, kwa wakala wa benki au kwa simu. Pochi ya kripto haina njia ya kuingia humo.

Ukitaka kutumia kripto yako kulipia kodi, utaiuza kwanza, upate shilingi, kisha ulipe shilingi. Kumbuka tu kwamba pale ulipouza, sheria imeona tukio jingine linaloweza kuwa na kodi yake. Nitalieleza hapa chini.

Kwa hiyo kripto ni haramu Tanzania?

Jibu halipo kwenye neno moja, na ndiyo maana mtaani kila mtu ana lake.

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma: fedha halali ya nchi ni shilingi, na sarafu za kidijitali hazitambuliki kuwa fedha halali. Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, akizungumza Mwanza kwenye uzinduzi wa jengo la Benki Kuu, aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa na mabadiliko hayo badala ya kungoja yaikute. Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya 2024, ambayo kuanzia 1 Julai 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kubadilisha au kuhamisha mali za kidijitali.

Ukiyaweka matatu hayo pamoja utaona picha. Kripto si fedha mbele ya sheria yetu, kwa hiyo huwezi kumlazimisha mtu aipokee, na Benki Kuu haitakurudishia ikipotea. Lakini kwa mtoza kodi ni mali, na mali ikibadilishana mikono kwa thamani, kodi inafuata. Wateja wangu wengi huchukia hapo: "Hamuitambui, halafu mnaitoza?" Naelewa hasira yao. Ila sheria ya kodi kwa kawaida haiangalii kama kitu ni fedha. Inaangalia kama kimekuongezea kipato.

Hiyo asilimia 3 inakatwa na nani, na inakatwa kwenye nini?

Anayewajibika kukata ni mwenye jukwaa au anayewezesha mabadilishano, pale anapomlipa mkazi wa Tanzania kwa mali ya kidijitali aliyoibadilisha au kuihamisha. Na hukatwa kwenye malipo yenyewe. Haiangalii faida. Ukiuza USDT za shilingi 4,000,000, zuio ni shilingi 120,000, hata kama ulizinunua kwa 4,100,000 na umepata hasara. Hilo linauma zaidi kwa anayezungusha mtaji uleule mara kumi kwa mwezi kuliko kwa aliyeuza mara moja.

Ukikatwa, dai cheti cha kodi ya zuio. Ukikosa cheti, huna cha kuonyesha kwamba kodi hiyo ilishatoka mfukoni mwako.

Na tafadhali usichanganye sheria yetu na ya jirani. Vijana wengi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanajifunzia kwenye video za Wakenya. Kenya nayo iliweka asilimia 3, kuanzia Septemba 2023, lakini Sheria yao ya Fedha ya 2025 iliifuta na kuweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye ada wanazotoza watoa huduma. Ukisikia kwenye video kwamba "ile asilimia tatu imefutwa", ni Nairobi hiyo.

Mimi nanunua na kuuza kila siku. Nikishakatwa zuio, nimemaliza?

Kama kununua na kuuza ndiyo kazi yako, hiyo ni biashara, na biashara ina vitabu. Faida yake inaingia kwenye mapato yako kama inavyoingia faida ya duka la vifaa vya ujenzi. Sheria inataka hesabu zifanyike kwa shilingi na kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Kila muamala uandike tarehe, kiasi, thamani kwa shilingi siku hiyo, na sababu. Nimeona mtu ana miamala 900 na hana hata daftari. Kuisuka upya kulichukua wiki 3, na gharama ya kazi hiyo ilikaribia kodi yenyewe.

Kuna nchi yoyote inayopokea kodi kwa kripto?

Zipo zilizojaribu, na kisa cha kila moja kina funzo kwetu.

Jimbo la Ohio, Marekani, lilifungua mlango Novemba 2018: kampuni ziliruhusiwa kulipa kodi za jimbo kwa Bitcoin. Hadi mpango unasimamishwa Oktoba 2019, kampuni zilizoutumia hazikufika 10. Na hata hizo chache, Bitcoin zao hazikuingia hazina ya Ohio. Zilipokelewa na kampuni ya BitPay, ikazigeuza dola, jimbo likapokea dola.

Zug, Uswisi, mji uliojaa kampuni za kripto, ulianza 2016 kwa kupokea Bitcoin kwa huduma ndogondogo za manispaa, hadi faranga 200. Februari 2021 jimbo lenyewe la Zug likaruhusu kodi kwa Bitcoin na Ether, mwanzoni hadi faranga 100,000. Katikati yupo dalali, kampuni ya Bitcoin Suisse: yeye ndiye anayepokea sarafu, serikali inapokea faranga kamili. Colorado nayo ilianza Septemba 2022 kupitia PayPal, na mlipaji anaongezewa dola 1 pamoja na asilimia 1.83 ya kiasi anacholipa. Jimbo linapata dola.

Umeuona mtindo? Serikali hizi hazikupokea kripto. Ziliruhusu dalali asimame mlangoni. Nawe hapa Dodoma unaweza kufanya hivyohivyo leo kwa kuuza sarafu yako na kulipa kontrol namba. Tofauti ni kwamba kwao dalali amesajiliwa na bei ya kubadilishia inafungwa palepale unapolipa, kwako unahangaika mwenyewe.

El Salvador ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Septemba 2021 iliifanya Bitcoin fedha halali, na kodi ikaruhusiwa kulipwa kwayo. Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo wa dola bilioni 1.4 na Shirika la Fedha la Kimataifa, sheria ikabadilishwa na kodi ikarudi kulipwa kwa dola. Jamhuri ya Afrika ya Kati nayo iliipitisha Bitcoin 2022 na kuiondolea hadhi hiyo 2023.

Sababu ya kurudi nyuma si ushamba wa viongozi. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Novemba mwaka uliofuata ilishuka chini ya dola 17,000. Chukua halmashauri yenye bajeti ya madawati na dawa iliyopokea mapato yake kwenye mwezi ule wa kwanza ikalipa wazabuni kwenye huu wa pili. Robo tatu ya madawati ingekuwa imeyeyuka.

USDT inafungwa na dola. Hiyo si imetulia?

Imetulia kuliko Bitcoin, ndiyo. Lakini Machi 2023, benki ya Silicon Valley Bank ilipoanguka Marekani, USDC, ambayo nayo ni sarafu ya kufungwa na dola, ilishuka hadi senti 88 hivi kwa siku mbili kabla ya kurudi. TerraUSD, iliyodai kushikilia dola moja, ilianguka Mei 2022 na haikurudi tena.

Na kuna jambo la kwetu zaidi: wewe kodi yako ni shilingi. Ukiwa na USDT 5,000 ulizonunua dola ikiwa shilingi 2,700, ukaja kuzitumia dola ikiwa 2,450, umepoteza shilingi 1,250,000 wakati USDT yenyewe haijatetereka hata senti.

Nimemlipa muuzaji wa China kwa USDT. Forodha watauthaminije mzigo wangu?

Hili ndilo swali zito kuliko yote kwenye ukurasa huu, na ndilo ambalo watu huuliza wakiwa wamechelewa, kontena likiwa tayari linakula siku bandarini.

Anza na jinsi forodha wanavyofikiri. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inafuata kanuni za Shirika la Biashara Duniani: thamani ya kwanza kutazamwa ni bei iliyolipwa au itakayolipwa kwa bidhaa ile, ukijumlisha nauli na bima hadi bandari ya kuingilia. Afisa akiwa na shaka ya msingi na bei yako, anaomba ushahidi. Ushahidi ukiwa mwembamba, anaiacha bei yako na kushuka ngazi kwa ngazi: bei ya bidhaa ileile iliyoingia kwa mtu mwingine, kisha bidhaa inayofanana nayo, kisha kukokotoa kuanzia bei ya kuuzia hapa nchini, kisha gharama za kutengeneza, na mwisho makadirio ya busara. Njia ziko 6, na kila ngazi anayoshuka, sauti yako inapungua.

Sasa angalia unachobeba. Aliyelipa kwa benki ana nakala ya TT, yaani hati ya benki ya kutuma fedha nje: jina lake, jina la muuzaji, kiasi, tarehe, namba ya ankara. Wewe una picha ya skrini yenye mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ni kweli muamala upo kwenye blokicheni, daftari la kidijitali la miamala, na hakuna wa kuufuta. Lakini blokicheni inasema tu kwamba pochi hii imetuma 10,000 kwa pochi ile. Haisemi pochi ile ni ya kiwanda cha Yiwu, wala kwamba malipo ni ya katoni 400 za vyombo na si ya gari la shemeji yako.

Zaidi ya hapo, tangu 24 Septemba 2021 Benki Kuu ya China na taasisi nyingine za nchi hiyo zilitangaza kuwa biashara zote za miamala ya kripto ni haramu kwao. Kwa hiyo muuzaji anayepokea USDT mara nyingi hataki iandikwe popote. Atakupa ankara inayosema "TT", na muamala wenyewe utaelekezwa kwenye pochi ya mtu wa tatu. Hapo karatasi yako na malipo yako vimeshaachana njia. Afisa akiuliza nakala ya TT, utatoa nini?

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Tuseme bei pamoja na nauli na bima ni dola 10,000, kiwango cha kubadilishia ni 2,500 ili iwe rahisi kukokotoa, na bidhaa iko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 25. Thamani ni shilingi 25,000,000. Ushuru ni 6,250,000. VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla ya hivyo viwili, yaani 31,250,000, nayo inakuwa 5,625,000. Jumla 11,875,000, kabla ya tozo nyingine kama ada ya uchakataji wa forodha ya asilimia 0.6. Bei yako ikikataliwa na mzigo ukathaminiwa dola 14,000, ushuru na VAT peke yake vinapanda hadi 16,625,000. Tofauti ya 4,750,000 imetokana na kukosa karatasi.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu, na nausema bila kupepesa: mzigo wa kibiashara, lipa kwa benki. Ada ya TT inauma kidogo, kutothibitisha bei kunauma sana. Kama ulishalipa kwa kripto, usighushi nakala ya TT. Hati ya uongo kwenye kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, ni kosa la forodha, na mzigo unaweza kutaifishwa. Kusanya ulicho nacho: mkataba au mazungumzo yenye bei, ankara inayotaja anwani ya pochi ya kupokelea, taarifa ya jukwaa ulikonunulia USDT yenye jina lako, namba ya muamala, na barua ya muuzaji kukiri amepokea. Mpe wakala wako wa forodha vyote kabla hajaingiza kadhia kwenye mfumo, si baada. Ukipewa thamani usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya. Nimeona watu wakizimaliza kwa kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp.

Nimeambiwa kuna wakala anayepokea ushuru kwa USDT kwa punguzo. Ni kweli?

Ni wizi. Hakuna mtu mwenye uwezo wa kukupunguzia ushuru kwa sababu umelipa kwa sarafu nyingine.

Mama mmoja mstaafu alikuja ofisini na bahasha. Rafiki wa mtandaoni alimtumia "kifurushi kutoka Uingereza", kikazuiwa "uwanja wa ndege", na mtu aliyejiita afisa forodha akamwomba USDT za ushuru. Alilipa mara tatu: ushuru, kisha "cheti cha kupambana na utakatishaji", kisha faini ya kuchelewa. Kijana wa jirani alimsaidia kununua sarafu hizo akiamini anamsaidia mzee. Nilipomwambia kifurushi hakipo, hakulia. Aliuliza kama anaweza kulipa ya nne ili wafunguke moyo. Siku ile nilifunga ofisi mapema.

Muamala wa kripto ukishathibitishwa haurudi. Hakuna kupiga simu huduma kwa wateja malipo yakazuiliwa kama ulivyozoea ukikosea namba ya simu. Kipimo ni kimoja: ushuru wa kweli una kontrol namba, na ukiiweka kwenye simu, kabla hujathibitisha, inakuonyesha jina la taasisi inayolipwa. Anayekupa anwani ya pochi badala ya kontrol namba si forodha, hata avae sare gani kwenye picha. Peleka taarifa polisi pamoja na ujumbe wote; Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili ya mambo hayo.

Blokicheni ni nini hasa, ukiondoa masuala ya hela?

Ni daftari ambalo nakala zake zinashikwa na wengi kwa wakati mmoja. Kila ukurasa mpya unabeba alama ya ukurasa uliotangulia, kwa hiyo ukichezea wa nyuma, kurasa zote zinazofuata zinakataa. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, huongeza ukurasa wa namna hiyo kila dakika 10 hivi. Daftari hilo halilazimiki kuandika fedha. Linaweza kuandika cheti cha asili ya bidhaa, lakiri ya kontena, au risiti.

Na mipaka yake naieleza kwa kutumia Kibaigwa. Unalijua soko la nafaka la Kibaigwa, na unaijua lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Tuseme kila gunia linaloingia pale linaandikwa kwenye blokicheni: "mahindi, kilo 100". Mwandishi ameandika 100, gunia lina 130. Daftari litaitunza ile 100 vizuri sana, milele, kwenye nakala elfu moja, na mkulima ataendelea kunyonywa. Kinachoishinda lumbesa ni mizani na mtu mwaminifu aliyesimama kwenye mizani. Daftari linakuja baadaye, kuhakikisha kilichopimwa hakibadilishwi njiani.

Forodha ni vilevile. Tatizo kubwa la mpakani ni ankara ya chini na kontena lisilofanana na karatasi zake. Skana na ukaguzi ndio mizani yetu.

Basi blokicheni haina faida kwa forodha?

Ina faida, na mimi ni katika wanaoitaka. Faida yake iko pale ambapo taasisi nyingi zisizo chini ya bosi mmoja zinahitaji kuamini karatasi moja. Mzigo mmoja wa ufuta unaotoka Singida kwenda nje unapita kwa mkaguzi wa afya ya mimea, anayetoa cheti cha asili, benki, kampuni ya meli, forodha ya hapa na forodha ya kule. Kila mmoja ana mfumo wake na anaomba nakala upya.

Amerika ya Kilatini wana mradi wa CADENA, uliosaidiwa na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika. Forodha za Mexico, Peru na Costa Rica zilianza kwa kupeana kupitia blokicheni orodha za wafanyabiashara waliothibitishwa kuwa waaminifu, ili cheti kikifutwa nchi moja, nyingine ijue mara moja. Ni kazi ndogo na inaeleweka. China, mji wa Shenzhen ulitoa risiti ya kwanza ya kodi ya blokicheni Agosti 2018. Sisi wenye mashine za risiti za EFD tunaelewa kwa nini: risiti moja kutumiwa mara mbili kudai marejesho ni ugonjwa wa kila nchi yenye VAT.

Lakini kuna TradeLens pia. Maersk na IBM waliianzisha 2018 ili nyaraka za meli zote duniani zipite humo. Novemba 2022 walitangaza kuifunga, na mwanzoni mwa 2023 ikazimwa. Teknolojia haikuwa na kosa. Haikupata ushirikiano wa sekta nzima, na ni rahisi kuelewa: mshindani wa Maersk anaonaje kuweka siri za wateja wake kwenye nyumba iliyojengwa na Maersk? Kwa hiyo mtu akija Mtumba, kwenye mji wa serikali, na mradi wa blokicheni ya forodha, ningependa aulizwe kwanza daftari ni la nani, kabla ya kuulizwa linaendeshwa na kompyuta gani. Na pia aulizwe atafanyaje na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayompa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, wakati daftari lake halifutiki.

Shilingi ya kidijitali itabadilisha haya?

Ingebadilisha upande wa malipo, kwa kuwa ingekuwa shilingi, yenye Benki Kuu nyuma yake. Januari 2023 Benki Kuu ilisema inaliendea jambo hilo kwa hatua na kwa tahadhari. Nigeria ilizindua eNaira Oktoba 2021 na wananchi wake hawakuikimbilia.

Mnunuzi wa nje anataka kunilipa mvinyo na zabibu kavu kwa USDT. Nikubali?

Kwa mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anayetafuta soko la nje, ninaelewa kishawishi. Malipo yanafika kwa dakika chache, bila kupitia benki za kati.

Fikiria VAT kwanza. Mauzo ya nje yanatozwa asilimia sifuri, na maana yake unaweza kudai VAT uliyolipa kwenye chupa, vizibo na vifungashio. Kudai kunahitaji uthibitisho kwamba mzigo umetoka na umeuzwa. Malipo yakiwa benki, ushahidi umekaa sawa: kadhia ya kusafirisha, ankara na fedha iliyoingia vinaongea lugha moja. Malipo yakiwa kwenye pochi, unaanza kueleza, na marejesho huchelewa kwa maelezo. Halafu ukizigeuza USDT kuwa shilingi, zuio la asilimia 3 linakungoja. Kwenye biashara ya mvinyo ambayo faida yake haizidi sana hapo, asilimia 3 ya mauzo yote ni kipande kikubwa.

Mnunuzi akiwa Afrika, mwulize kama benki yake imeunganishwa na PAPSS, mfumo wa malipo wa Afrika uliozinduliwa Accra Januari 2022, au kwa majirani zetu wa Afrika Mashariki, EAPS. Haisikiki sana mtaani, lakini imetengenezwa kwa ajili hiyo.

Naweza kupangisha nyumba mtaa wa Kisasa au kuuza kiwanja kwa bei ya USDT?

Usifanye hivyo. Kanuni za Machi 2025 zinataka bei za bidhaa na huduma za ndani zitajwe na kulipwa kwa shilingi, na zimekataza dola yenyewe. Sarafu inayojificha nyuma ya dola haiko salama zaidi. Na kodi ya pango bado inakatwa.

TRA watajuaje kama sikusema?

Naulizwa hili kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa sauti ya kawaida. Watu hudhani kripto ni siri. Daftari la Bitcoin liko wazi kwa kila mtu mwenye intaneti, tangu muamala wa kwanza hadi wa asubuhi hii. Kinachokosekana ni jina, na jina uliliweka mwenyewe siku uliyopiga picha na kitambulisho cha NIDA kufungua akaunti. Pia OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, imetengeneza utaratibu wa nchi kupeana taarifa za wateja wa majukwaa ya kripto, na nchi za kwanza zimejipangia kuanza kubadilishana 2027. Upande wa hapa nyumbani, shilingi zako hutua benki au kwenye simu, na huko kumbukumbu haziozi.

Kama una miaka ya nyuma ambayo hukuitaja, njoo na taarifa zote za jukwaa ulilotumia, zikiwa zimepakuliwa kama faili na si kupigwa picha, pamoja na taarifa za benki na za simu za miezi hiyohiyo. Pakua sasa, kwa sababu jukwaa la kripto la FTX lilipofungwa Novemba 2022 wateja wake hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao. Tutaanza na mwaka wenye miamala michache, tuupatanishe mstari kwa mstari na kiwango cha Benki Kuu cha kila siku, kisha twende na hesabu mkononi TRA kabla barua haijaja.